Shati Namba Kumi na Saba

Kama kuna kazi inayomzeesha mtu kabla ya siku zake, ni kuwaelekeza watu wanaoitikia "ndiyo" kwa kila neno, kisha wakaenda kufanya la kwao. Loisi alikuwa na mwaka wa tisa katika kazi hiyo. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chao, mwendo mfupi kutoka Makutupora, katikati ya mashamba ya zabibu. Miaka yote hiyo alikuwa amesema juu ya vyoo, juu ya kuchemsha maji, juu ya wajawazito kuwahi kliniki, mpaka watu wakaizoea sauti yake kama walivyoizoea kengele ya kanisa. Waliisikia, wakajua ni saa ngapi, wakaendelea na shughuli zao.

Lakini hakuna kilichomchosha kama mashati ya dawa.

Yaliletwa na mradi wa malaria mwezi wa tano, mvua zilipokata na mifereji ya mashambani ikaanza kufunguliwa. Yalikuwa mashati sitini ya kaki, mikono mirefu, kila moja na namba yake ndani ya kola kwa wino mweusi. Waliogawiwa ni wale wanaomwagilia mizabibu kuanzia saa kumi na moja jioni, saa ambayo mbu wa kwenye mifereji nao wanatoka kutafuta riziki. Kuyachovya dawa ilikuwa kazi ya Loisi. Alivaa glavu, akapima maji kwenye beseni, akapima dawa, akageuza kila shati kama anayegeuza vitumbua, akaanika kivulini. Kisha akawasomea wenyewe masharti. Livae kila uendapo kumwagilia. Usilifue ovyo; mara moja kwa mwezi inatosha, kwa maji baridi, bila kulisugua. Usilianike juani. Usilipige pasi.

"Ndiyo, Mama Debora," waliitikia wote sitini.

Jumapili iliyofuata aliwakuta kanisani, safu nzima ya kaki, mashati yamepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama. Meshack, ambaye shamba lake linapakana na la kina Loisi, alikuwa amelifungia tai.

"Meshack, hilo ni la kumwagilia."

"Nguo mpya hiyo, Mama Debora. Nguo mpya inaanzia kwa Mungu. Niipeleke kwenye matope kabla haijaombewa?"

"Na jana jioni ulivaa nini shambani?"

"Lile kuukuu la siku zote. Hilo matope yanalijua."

Ndivyo ilivyo desturi, na Loisi mwenyewe alilelewa nayo. Nguo haiwi nguo mpaka ionekane kanisani. Lakini mbu hawasali, na ilimchukua majuma mawili ya kupita nyumba kwa nyumba kulirudisha kila shati shambani. Kwa Brightness, mjane wa upande wa juu, alilikuta shati la mwanawe limetandikwa chini ya kuku aliyeatamia. Brightness alikuwa amegundua kwamba viroboto wa kuku hawalipendi. Loisi alifoka pale uani mpaka kuku akatoka kwenye mayai yake. Wala hakufurahi siku chache baadaye kusikia kwamba mayai yote kumi na moja yametotolewa, kwa sababu sasa nusu ya wanawake wa kijiji walikuwa wanaulizia mashati kwa ajili ya kuku.

Alivumilia yote hayo kwa kuwa na uhakika na jambo moja: nyumbani kwake mambo yako sawa. Shati namba kumi na saba lilikuwa la mumewe, Yotham, na hilo hakulifanyia mzaha. Mwaka jana malaria ilimlaza Yotham mara mbili. Mara ya pili ilimpanda kichwani. Akawa anamwita Loisi kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufa, akimwomba amfungulie mbuzi. Daktari wa zamu alimwambia Loisi kwamba wangechelewa mpaka jioni, asingekuwa na la kuwasaidia. Loisi aliyabeba maneno hayo kurudi nayo nyumbani na hakuyatua tena. Shati la kumi na saba alilichovya yeye la kwanza kabisa, na kila jioni alihakikisha Yotham analivaa na kulifunga vifungo hadi shingoni.

Mwishoni mwa mwezi wa sita akaja Wambura, kijana wa mradi aliyesoma chuo kikuu pale Chimwaga, kupima kama dawa bado imo. Alikuja na mbu wake mwenyewe, wamefungiwa kwenye vikombe vyenye wavu, mbu waliolelewa ndani kwa maji ya sukari na wasio na ugonjwa wowote. Kwenye ofisi ya kijiji akataja namba za mashati matano yaletwe. Kila shati alilitandika juu ya ubao, akabana juu yake kikombe kidogo cha plastiki, akapuliza mbu watano ndani, akatazama saa. Watu walijaa mlangoni kama wanaotazama mpira.

Shati la mwana wa Brightness, pamoja na mikasa yake yote ya kuku, liliangusha mbu wanne. Shati la Meshack liliangusha watatu licha ya pasi. Likaja la kumi na saba. Mbu wakatua. Wakatembea. Mmoja akasimama kwenye mshono akawa anajipangusa miguu. Wambura akangoja, akarudia na mbu wengine, akangoja tena.

"Dada Loisi," alisema taratibu, "hili lilichovywa?"

"Nililichovya mimi mwenyewe."

"Halina kitu. Ni kama limetoka dukani."

"Mganga hajigangi," Meshack akasema kutoka mlangoni, na kijiji kizima kikacheka. Loisi alilikunja lile shati mara nne, akaliweka kwapani, akaondoka bila kuaga. Uso ulikuwa unamwaka.

Jibu hakulitafuta mbali. Kesho yake aliaga kwenda kwenye mzunguko wake wa nyumba kama kawaida, akafika kwa jirani, akarudi. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Mama mkwe wake, Bibi Anjelina, alikuwa ameinama kwenye jiwe la kufulia nyuma ya nyumba, analisugua shati la kumi na saba kwa sabuni ya mche, kwa nguvu zote za mikono yake ya miaka sabini. Alilisugua kola, akalisugua kwapa, akaligeuza ndani nje akaanza upya. Halafu akalianika juani.

Basi ndivyo ilivyokuwa kila siku. Loisi akitoka, mama anafua. Kwa jua la Dodoma, saa sita nguo imekauka, na Yotham akija kulichukua jioni analikuta kwenye msumari wake, linanukia sabuni. Loisi alisimama pembeni ya nyumba akahisi miaka yake tisa yote imemkalia mabegani. Na maji yale. Bomba la kijiji lilikuwa linafunguliwa siku tatu tu kwa wiki. Alikuwa akipanga foleni tangu alfajiri, huku akishangaa kwa nini ndoo zinaisha upesi namna ile.

Aseme nini? Mama mkwe hasemwi. Loisi alizaliwa Mlali, upande wa Kongwa, kwa watu waliomfundisha kupiga goti kabla ya kufundishwa kusoma. Alipoolewa, miaka kumi na minane iliyopita, alikuta nyumba hii ina ekari moja ya mizabibu, mama mkwe mmoja, na kamba ya kuanikia nguo ndefu kuliko nyumba yenyewe. Hapakuwa na mwanamke pale kijijini aliyefua kama Bibi Anjelina. Mwanamume wa nyumba ile hakuwahi kuonekana na doa. Loisi alidhani ni unadhifu tu, na kwa miaka hiyo yote alijivunia.

Kwa hiyo alimwendea kwa upole, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi mapema."

"Mama, hili shati lina dawa ya mbu. Likifuliwa kila siku dawa inatoka. Yotham atarudi kuugua."

"Ndiyo, mwanangu. Nimesikia."

Loisi aliijua ile "ndiyo". Alikuwa amekula nayo meza moja miaka tisa.

Akalichovya shati upya. Kesho yake likafuliwa. Akamwambia Yotham aongee na mama yake. Yotham akatazama mlenda kwenye bakuli, akasema, "Ni mama," kama mtu aliyekwisha maliza kesi. Loisi akalichovya mara ya tatu, akalificha chini ya godoro. Mama akatandua kitanda kwa ajili ya kuanika godoro. Loisi akalifungia kwenye sanduku la nguo za Debora, binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Aliporudi mchana sanduku lilikuwa limefungwa vilevile, ufunguo uko palepale juu ya linta ya mlango, na shati liko kambani linachuruzika maji.

Hapo ndipo alipovuka mpaka. Alilivuta lile shati kutoka kwenye kamba, na maji yake yakamlowesha miguu.

"Mama, unataka kumzika mwanao? Si useme tu kwamba unataka kumzika."

Neno likishatoka halirudi. Loisi alilisikia mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke. Bibi Anjelina hakukasirika. Alitafuta jiwe lake la kufulia kwa mkono, akalikalia.

"Mmoja nilishamzika," alisema.

Loisi alijua kwamba baba mkwe wake, Mzee Thomas, alikufa miaka minne kabla hajaolewa. Aliambiwa ni tumbo. Hapo nyuma ya nyumba, mama akizungumza huku anatazama mikono yake, alisikia habari kamili kwa mara ya kwanza.

Thomas alikuwa ananyunyizia mizabibu dawa ya wadudu, dawa kali ya miaka hiyo, kwa bomba la mgongoni. Bomba lilikuwa linavuja. Alirudi nyumbani shati limelowa mgongo mzima, likanuka mpaka ndani. Siku hiyo kisima kilikuwa kimekauka na hapakuwa na maji ya kufua, yaliyokuwepo yalikuwa ya kupikia uji wa watoto. Anjelina akalitundika shati msumarini. Kesho yake Thomas akalivaa lilivyo, akaenda kumalizia mistari iliyobaki. Siku ya tatu pia. Siku ya tatu jioni alianza kutokwa na mate kama mtoto anayeota meno, akatapika, akatetemeka, na mboni za macho zikawa ndogo kama punje za uwele. Walimfikisha hospitali, lakini hakurudi.

"Muuguzi akaniuliza swali moja tu," mama alisema. "Akasema, hili shati kwa nini halikufuliwa? Akaniambia, mama, nguo yenye dawa haikai mwilini. Ifue siku hiyohiyo. Ndiyo nimefua tangu hapo. Sasa wewe nawe ni mtu wa afya, umekuja na kauli nyingine, kwamba dawa ikae kwenye shati, na shati likae kwa mwanangu. Nimsikilize yupi?"

Loisi aliona hasira ikimtoka kama upepo kwenye tairi, na palipobaki hapakuwa na kitu cha kushika. Yule muuguzi alisema kweli. Yeye naye alisema kweli. Alijaribu kueleza, kwamba dawa hii si ile, kwamba ni kidogo na imeshikana na uzi, kwamba si ya kulowesha mwili. Mama akaitikia kwa kichwa kila mara, kwa adabu, hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Wewe umelivaa?"

Hakuwa amelivaa. Mradi ulimpa kofia na begi lenye maandishi. Katika siku zote za kuwapigia wengine kelele, dawa ile haikuwahi kumgusa zaidi ya glavu.

Kwa hiyo wakakubaliana, yaani mama aliamua na wengine wakanyamaza. Yotham angekaa nyumbani jioni kwa siku kumi na nne. Loisi angekwenda kumwagilia badala yake, akiwa na shati la kumi na saba lililochovywa upya, bila kulifua. Akibaki mzima, wataongea.

Zilikuwa siku kumi na nne ndefu. Loisi alifungua mfereji, akaziba mfereji, akatembea na jembe katikati ya mistari, matope yakimfika magotini, mbu wakiimba pembeni bila kutua. Mchana alikuwa na kazi yake ya nyumba kwa nyumba. Shati lilimpwaya mabegani, likamnatia mgongoni, na ilipofika siku ya nane lilikuwa linaweza kusimama lenyewe. Yotham, aliyekuwa anashinda jioni zote kwenye kigoda, alipata nafasi ya kuwa mtaalamu.

"Mstari wa nne hukuushibisha," alimwambia.

"Nenda kaushibishe wewe."

"Mama amekataza."

Kila jioni akirudi, kabla hajanawa, Bibi Anjelina alimshika kidevu, akamgeuzia mwanga wa taa, akamtazama macho. La kushoto, kisha la kulia. Alimnusa mdomo. Alimwambia anyooshe mikono mbele aone kama inatetemeka, na Loisi alinyoosha mikono ya mwanamke aliyeshika jembe kwa saa mbili. Ilitetemeka kidogo. Siku ya tano shingo ilimwasha. Alijua ni jasho na vumbi, karibu ana uhakika, lakini alikwenda kujikuna nyuma ya choo kama mwizi. Huko ndiko fikira ilikomjia, ikamtuliza kidogo kuliko alivyopenda: kwamba huu wasiwasi alioubeba siku tano, mama yake mkwe ameubeba miaka ishirini na miwili.

Siku ya kumi na nne Bibi Anjelina alimtazama macho muda mrefu kuliko siku zote. Akamwachia kidevu, akaenda kupakua ugali. Loisi, aliyetarajia angalau "pole na kazi", alikula huku amenuna.

Asubuhi iliyofuata aliaga, akaenda kwenye mzunguko wake, na safari hii hakurudi kuchungulia. Alirudi saa saba mchana na ndoo ya maji kichwani, ya mwisho aliyoipata kabla bomba halijafungwa. Kambani hapakuwa na shati. Lilikuwa msumarini, kivulini, kola nyeusi, matope yamekauka kwenye mikono. Violeth, jirani yao, alikuwa amekuja kuazima chungio na alikuwa analitazama kwa furaha isiyofichika.

"Bibi Anjelina, siku hizi Yotham anavaa hivyo? Au sabuni imeadimika?"

Loisi aliona mgongo wa mama ukikakamaa. Mwanamke yule asingeweza kuambiwa neno baya zaidi ya hilo.

"Sabuni ipo," mama alijibu. "Chukua chungio, mwanangu."

Saa kumi na moja kasoro Yotham alijitokeza kuvaa. Bibi Anjelina alilitoa shati msumarini mwenyewe. Alilishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake, kama anayeshika mkia wa nyoka aliyekufa. Alimvika mwanawe, mwanamume wa miaka arobaini na mitano mwenye ndevu za mvi, akamfunga kifungo cha kwanza, cha pili, hadi cha shingoni, akiipapasa ile kola chafu kwa kidole gumba.

"Nenda," alimwambia. "Mstari wa nne haukushiba."

Yotham akaenda. Mama alisimama akimtazama mpaka alipopotelea kwenye mizabibu. Kisha akaiendea ndoo ya Loisi, ile ya maji ya kupikia, akachota kwa kata, akanawa mikono. Akachota tena, akanawa, akasugua katikati ya vidole na chini ya kucha. Maji yalikuwa yanamwagika chini yananyweka. Mikono ilikuwa safi, lakini aliendelea kunawa.

Loisi aliitazama ndoo ikishuka. Bomba lingefunguliwa tena keshokutwa, na ugali ulikuwa haujasongwa. Alikwenda, akaichukua kata mkononi mwa mama mkwe wake, akachota hadi juu, akammiminia.